Lugha Haipimwi kwa Idadi ya Nchi

Imekuwa desturi kuisifu lugha kwa kutaja idadi ya nchi zilizoitangaza kuwa rasmi. Kijerumani kikizungumziwa, hesabu huanza mara moja: Ujerumani, Austria, Uswisi, Liechtenstein, Luxembourg, Ubelgiji. Nchi sita. Anayetaka kuongeza atakupeleka Tyrol Kusini, kaskazini mwa Italia, kisha Namibia, kisha miji kadhaa ya Brazili, mpaka ramani ya dunia ionekane imepakwa rangi moja kutoka milima ya Alps hadi jangwa la Namib. Nyuma ya hesabu hiyo ipo imani iliyoota mizizi, tena si kwa Wajerumani peke yao: kwamba lugha hupata nguvu pale dola inapoiandika katika sheria zake, na isiyoandikwa popote inangoja kufa. Imani hiyo ndiyo inayowafanya watetezi wa lugha wakeshe wakidai tamko, na likishatolewa washangilie na kurudi nyumbani. Nasema imani hiyo ni potofu. Tena hakuna lugha inayoufichua upotofu wake kama Kijerumani, kwa sababu kimepitia karibu kila hali inayoweza kuipata lugha mikononi mwa dola: kimetangazwa, kimepuuzwa, kimepigwa marufuku, kimefutwa kwa amri ya siku moja, na kimeishi bila kutajwa na sheria yoyote. Hadhi rasmi ina thamani pale tu inapomtwika mtumishi wa serikali wajibu ambao akiukwepa anaweza kushtakiwa. Bila wajibu huo, lugha imevikwa kilemba cha ukoka.

Tuanze na Ujerumani kwenyewe. Katiba ya nchi hiyo, iliyoanza kutumika Mei 1949, haisemi popote kwamba Kijerumani ni lugha ya taifa au lugha rasmi. Wapo wanasiasa ambao ukimya huo umewakera miaka mingi. Desemba 2008 mkutano mkuu wa chama cha CDU uliofanyika Stuttgart ulipiga kura ya kutaka Kijerumani kitajwe katika katiba, ingawa mwenyekiti wa chama, Chansela Angela Merkel, hakuunga mkono. Katiba ikabaki kimya. Sasa mfuate nesi aliyetoka Nairobi au Dar es Salaam kwenda kutafuta kazi huko, mkononi ana cheti cha uuguzi, cheti cha kuzaliwa na barua ya mwajiri wake wa zamani, vyote kwa Kiingereza. Karani anayeshughulikia vyeti vya wageni anaweza kukijua Kiingereza vizuri kabisa, lakini atamtaka nesi alete tafsiri, na kwa kawaida ni tafsiri ya mfasiri aliyeapishwa, ya kulipia. Barua ya majibu itakuja kwa Kijerumani, na siku za kukata rufaa zitahesabiwa tangu ilipomfikia, aielewe asiielewe. Nguvu hiyo yote haikutoka kwenye katiba. Imetoka kwenye kifungu cha 23 cha sheria ya taratibu za utawala ya mwaka 1976, kinachosema kwa maneno machache kwamba lugha ya ofisi ni Kijerumani, na kwenye kifungu cha 184 cha sheria ya mahakama, kinachosema hivyo hivyo juu ya lugha ya kesi. Ni sheria za makarani na mahakimu, hazisomwi kwenye sherehe yoyote. Ndizo zinazofanya kazi.

Mtu atasema: Ujerumani haihitaji katiba kwa sababu hakuna anayekitishia Kijerumani pale, lakini palipo na tishio, neno la katiba ndilo ngao. Ukweli wa hoja hiyo ulijaribiwa ng'ambo ya pili ya mpaka. Katiba ya Austria, katika ibara ya 8, inakitaja Kijerumani kuwa lugha ya dola bila kuathiri haki za walio wachache. Na haki hizo ziliandikwa kwa uzito mkubwa kuliko kawaida, maana Mkataba wa Dola wa 1955, uliorudisha uhuru wa Austria baada ya vita, uliahidi katika ibara ya 7 kwamba Waslovenia wa Carinthia na Wakroatia wa Burgenland watatumia lugha zao maofisini, na vibao vya majina ya vijiji vyao vitaandikwa kwa lugha mbili. Huwezi kupata ahadi nzito zaidi ya hiyo. Mwaka 1972 vibao vya kwanza viliposimamishwa Carinthia, makundi ya watu yaliving'oa, na dola ikatazama. Mwaka 2001 Mahakama ya Katiba ilitoa hukumu iliyowapendelea Waslovenia. Gavana wa jimbo, Jörg Haider, akakataa kuitekeleza waziwazi na hakuna kilichompata. Ni mwaka 2011 tu, miaka 56 baada ya mkataba, ndipo sheria ilipotaja vijiji 164 kimoja kimoja kwa jina, na vibao vikasimama. Kilicholeta mabadiliko ni orodha ya vijiji, kwa sababu orodha ilimwondolea mkuu wa jimbo nafasi ya kusema hajui ni kijiji gani kinachohusika.

Ukirudi kwenye zile nchi sita utaona kwamba neno moja, rasmi, limefunika mambo yasiyofanana hata kidogo. Uswisi imekitaja Kijerumani katika katiba yake tangu 1848, na zaidi ya asilimia 60 ya wakazi wake wanakihesabu kuwa lugha yao kuu. Hata hivyo, Mswisi wa Zürich akihamia Geneva hana haki ya kujibiwa kwa Kijerumani na ofisi ya jimbo lile, wala mtoto wake hana haki ya kusomeshwa kwa lugha hiyo katika shule ya umma, kwa kuwa hadhi ya lugha huko imefungwa kwenye ardhi na haimfuati mtu. Luxembourg ina sheria ya Februari 1984 inayoziruhusu lugha tatu maofisini na mahakamani, Kijerumani kikiwa mojawapo. Lakini sheria za nchi huandikwa kwa Kifaransa, na andiko la Kifaransa ndilo lenye nguvu. Mwananchi akiandika kwa Kijerumani, ofisi inatakiwa imjibu kwa lugha hiyo kwa kadiri inavyowezekana. Yeyote aliyewahi kungoja majibu ya serikali anajua maneno hayo yanampa karani uwanja wa ukubwa gani. Kama Kijerumani kina nguvu Luxembourg, ni kwa sababu vizazi vya watoto vimejifunza kusoma na kuandika kwa lugha hiyo darasani, na kwa sababu gazeti la Luxemburger Wort, lililoanzishwa 1848, limekuwa likichapishwa kwa sehemu kubwa kwa Kijerumani na kusomwa majumbani.

Ubelgiji ndiyo nchi ambayo kwa idadi ya watu isingestahili hata kutajwa. Wenye Kijerumani huko hawafiki 80,000, wanakaa katika manispaa tisa kuzunguka Eupen na Sankt Vith, eneo ambalo Ubelgiji ililipata kutoka Ujerumani baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Lakini wana bunge lao lenye wabunge 25, wana mawaziri wao, na shule zote za eneo lile ziko chini yao: wao huajiri walimu, wao hupanga mitaala, wao huamua fedha ziende wapi. Tangu 1988 Eupen ina mahakama ya wilaya inayoendesha shughuli zake kwa Kijerumani. Mji mmoja wa kawaida Ujerumani una watu wengi kuliko jumuiya yote hii, na bado lugha yao imesimama imara kuliko katika maeneo mengi yenye wasemaji wengi zaidi. Mwenye kuhesabu nchi ataiandika Ubelgiji kama namba moja zaidi, sawa na nyingine, asione kwamba pale pana kitu ambacho kwingine hakipo, yaani watu wenye lugha wakishika bajeti ya lugha yao.

Mahali pa kujifunzia zaidi, hata hivyo, ni Tyrol Kusini, na hapo napenda kukaa kidogo. Italia ililipata jimbo hilo kutoka Austria kwa mkataba wa Saint-Germain wa 1919. Chini ya Mussolini shule za Kijerumani zilifungwa, majina ya milima na vijiji yakageuzwa ya Kiitaliano kwa kufuata orodha ya mtu mmoja, Ettore Tolomei, na hata mawe ya makaburi yakakatazwa kuandikwa kwa lugha ya marehemu. Walimu, wengi wao wasichana, walifundisha watoto kwa siri katika vyumba vya shamba. Mwaka 1939 Hitler na Mussolini wakakubaliana kuwapa wenyeji uchaguzi wa kikatili: wahamie Ujerumani au wabaki na kuwa Waitaliano. Baada ya vita, tarehe 5 Septemba 1946, Karl Gruber wa Austria na Alcide De Gasperi wa Italia walitia saini makubaliano mjini Paris yaliyoahidi usawa wa lugha, na makubaliano hayo yakaambatanishwa na mkataba wa amani wa Italia. Mwaka 1948 jimbo likapata hati ya kujitawala. Kwenye karatasi, basi, kila kitu kilikuwa kimekamilika. Lakini jimbo lilikuwa limefungwa pamoja na Trentino ndani ya mkoa mmoja ambao Waitaliano ndio wengi, ofisi zilijaa watumishi wasiojua Kijerumani, na mkulima aliyekwenda kulipa kodi aliikuta lugha ya serikali ni ile ile ya zamani. Austria ilipeleka malalamiko Umoja wa Mataifa mwaka 1960. Juni 1961 nguzo za umeme zililipuliwa kwa mabomu usiku mmoja, na miaka iliyofuata damu ilimwagika. Yote hayo yalitokea wakati hadhi ya Kijerumani ilikuwa imekwisha kuandikwa.

Utulivu ulikuja baada ya hati ya pili ya kujitawala ya mwaka 1972, na hasa baada ya kanuni zake za utekelezaji. Hati yenyewe inasema Kijerumani kina hadhi sawa na Kiitaliano katika mkoa ule, sentensi nzuri ambayo peke yake ingekwenda njia ile ile ya ahadi ya Paris. Lakini mwaka 1976 ikaja kanuni kwamba anayetaka kazi serikalini, awe daktari, karani au msimamizi wa kituo cha reli, lazima afanye mtihani wa lugha zote mbili, na kwamba nafasi za kazi zigawanywe kwa kufuata uwiano wa makundi ya lugha. Mwaka 1988 ikaja kanuni ya polisi na mahakama: mshtakiwa ana haki ya kuendeshewa kesi kwa lugha yake, na hati iliyoandikwa kinyume cha haki hiyo inaweza kubatilishwa. Kanuni hiyo ikashuka hadi kwenye pakiti ya dawa, ikitaka maelezo ya matumizi yawe kwa Kiitaliano na Kijerumani. Wafamasia wa Bolzano, mji mkuu wa jimbo hilo, wamekuwa wakiwachapishia wateja karatasi ya Kijerumani pale pakiti inapofika na ya Kiitaliano peke yake. Angalia umbali kutoka sentensi ya hadhi sawa hadi bibi kizee anayesoma ameze vidonge vingapi kwa siku. Umbali huo ndio sera ya lugha. Mwaka 1992, kanuni zilipokamilika, Austria iliuarifu Umoja wa Mataifa kwamba ugomvi umekwisha.

Sitaki nieleweke kwamba Tyrol Kusini ni pepo. Mkazi anayetaka kazi ya umma hulazimika kutangaza ni wa kundi gani, Wajerumani, Waitaliano au Waladini, na mtoto wa ndoa ya mseto hukuta nusu ya nafsi yake haina kisanduku kwenye fomu. Shule za Kijerumani na za Kiitaliano zimetenganishwa, kila moja ikiifundisha lugha ya jirani kama somo tu. Wapo Waitaliano wa Bolzano wanaouona mfumo huu kuwa dhuluma iliyogeuzwa upande. Malalamiko yao nayachukulia kwa uzito, na naamini siku moja utengano wa shule utabidi ulegezwe. Ila malalamiko yenyewe ni ushahidi wa jambo ninalolisema. Haki ya lugha iliyotimizwa kweli humgharimu mtu fulani kitu: muda wa kujifunza, nafasi ya kazi, fedha za kuchapisha. Ukikutana na hadhi rasmi ambayo hakuna aliyewahi kuilalamikia, chunguza, mara nyingi utakuta haijawahi kutimizwa.

Tuende sasa mahali ambapo hadhi ilikuwa ya juu kabisa ikafutika. Mwaka 1924 Umoja wa Kisovieti uliunda jamhuri yenye mamlaka yake ya ndani kwa Wajerumani wa mto Volga, wazao wa wakulima waliokaribishwa Urusi na Malkia Katarina katika karne ya 18. Kijerumani kilikuwa lugha ya ofisi, ya shule, ya magazeti, ya ukumbi wa maigizo. Kwa kipimo cha mahesabu ya nchi, pale lugha ilikuwa imefika kileleni. Tarehe 28 Agosti 1941, miezi miwili baada ya Hitler kuvamia, amri ilitolewa Moscow ya kuwahamisha wote. Watu laki kadhaa walipakiwa kwenye mabehewa ya treni wakapelekwa Siberia na Kazakhstan, wengi wakaingizwa kwenye kazi za shuruti, na jamhuri ikafutwa. Hapakuwa na mahakama ya kuiendea wala nchi ya nje iliyotia saini kuwadhamini. Ibara iliyowapa lugha na amri iliyowanyang'anya zilitoka meza moja.

Barani Afrika mambo yalikwenda kinyume, na yanafundisha vivyo hivyo. Katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, lugha ya watawala ilikuwa na bendera, bunduki na gavana nyuma yake, lakini shughuli za boma, za maakida na maliwali, na masomo katika shule za serikali kuanzia Tanga, zilikwenda kwa Kiswahili. Gazeti la Kiongozi, lililoanza kuchapwa Tanga mwaka 1904, lilikuwa la Kiswahili. Utawala ulipong'oka katika Vita Vikuu vya Kwanza, Kijerumani kilitoweka maofisini Tanganyika pamoja nao. Namibia kilibaki, na hakikubaki kwa sababu ya hadhi. Jeshi la Wajerumani lilisalimu amri huko Julai 1915. Mwaka uliofuata, chini ya utawala wa Afrika Kusini, likaanzishwa mjini Windhoek gazeti la Kijerumani linalojulikana leo kama Allgemeine Zeitung. Hadhi rasmi kamili ilikuja mwaka 1984, wakati wa ubaguzi wa rangi, na ikaondoka mwaka 1990 pale katiba ya Namibia huru, katika ibara ya 3, ilipokifanya Kiingereza peke yake kuwa lugha rasmi. Kuondolewa huko kulikuwa haki kabisa: nchi ambayo Waherero na Wanama waliuawa kwa maelfu kati ya 1904 na 1908 haikuwa na deni lolote kwa lugha ya waliowaua, wala haikufaa kundi dogo la walowezi liwe na lugha rasmi huku Oshiwambo hakina. Lakini tazama kilichofuata. Ibara ile ile iliruhusu shule kufundisha kwa lugha nyingine kwa masharti, shule za Kijerumani zikaendelea, redio ya taifa ikaendelea na idhaa ya Kijerumani, na gazeti la 1916 likaendelea kuchapwa. Kijerumani cha Windhoek na Swakopmund kilipoteza cheo kikabaki na shule, biashara na wasomaji. Anayeiweka Namibia kwenye orodha ya nchi zenye Kijerumani rasmi amekosea ukweli, na anayedhani kuondolewa kwenye orodha ni kifo amekosea pia.

Wamarekani wenye asili ya Kijerumani wana hadithi yao, inayorudiwa hadi leo, kwamba Kijerumani kilikosa kuwa lugha rasmi ya Marekani kwa kura moja, na kwamba kura hiyo ilikuwa ya Frederick Muhlenberg, spika wa kwanza wa Baraza la Wawakilishi. Haikuwa hivyo. Wajerumani wa Virginia waliomba tu sheria za shirikisho zitafsiriwe kwa lugha yao, na Januari 1795 kura ya 42 kwa 41 ilihusu kuahirisha kikao. Hadithi imedumu kwa sababu inaendana na ile imani ninayoipinga: kwamba hatima ya lugha huamuliwa bungeni, kwa mkono mmoja kuinuliwa au kutoinuliwa. Na huku hadithi ikisimuliwa, Waamishi wa Pennsylvania, Ohio na Indiana wameendelea kusema Kijerumani chao cha Pennsylvania kwa karne tatu bila kibali cha mtu. Wasemaji wake leo wanazidi laki tatu na wanaongezeka upesi, kwa sababu familia ni kubwa, watoto husikia lugha hiyo nyumbani kabla ya nyingine yoyote, na jamii ina shule zake. Sheria iliyowasaidia ilihusu mambo mengine: mwaka 1972 Mahakama Kuu ya Marekani iliwaruhusu kutowapeleka watoto shule baada ya darasa la nane, kwa sababu ya dini.

Hapa mpinzani makini atanikumbusha Alsace, na ana haki. Katika jimbo hilo la Ufaransa, Kijerumani na lahaja yake ya Kialsace vilikuwa lugha ya karibu kila nyumba. Leo watoto wanaoisema lahaja hiyo ni wachache mno. Ufaransa haikuwahi kukipa hadhi, na tangu 1992 katiba yake inasema lugha ya Jamhuri ni Kifaransa. Je, hii si lugha iliyokufa kwa kukosa tamko? Naikubali huzuni, naikataa sababu. Alsace haikuachwa tu bila tamko. Kijerumani kiliondolewa katika shule za msingi mwaka 1945, na wazazi waliokuwa wametoka kuishi chini ya Wanazi, waliowakataza Kifaransa na kuwapeleka vijana wao vitani kwa nguvu, hawakuwa na hamu ya kukipigania. Kati ya dola inayonyamaza na dola inayokunyang'anya darasa kuna tofauti kubwa. Nebraska, jimbo la Marekani, nayo ilijaribu kunyang'anya: mwaka 1919 ilikataza kufundisha lugha za kigeni kwa watoto wadogo, na mwalimu Robert Meyer akatozwa faini kwa kumsomesha mtoto wa miaka kumi kwa Kijerumani. Mwaka 1923 Mahakama Kuu iliifuta sheria ile, na haikufanya hivyo kwa kukipa Kijerumani cheo chochote, bali kwa kulinda uhuru wa mwalimu kufundisha na wa mzazi kuchagua.

Poland imetoa ushahidi wa karibuni zaidi. Tangu sheria ya Januari 2005, manispaa zaidi ya 20 katika eneo la Opole zinatumia Kijerumani kama lugha ya ziada ofisini. Mwaka 2022 serikali ya Warsaw ilipunguza saa za kufundisha Kijerumani kwa watoto wa jamii ya Wajerumani wa huko kutoka tatu kwa wiki hadi moja, ikawalenga wao peke yao. Hadhi ya manispaa haikuguswa hata herufi moja. Kilichowatoa wazazi jasho, na kilichorudishwa mwaka 2024 baada ya serikali kubadilika, ni saa mbili za darasani.

Umoja wa Ulaya ndio unaopaswa kuwanyamazisha kabisa wenye hesabu. Kijerumani kimekuwa rasmi huko tangu kanuni ya kwanza ya mwaka 1958, na hakuna lugha yenye wasemaji wa kuzaliwa wengi zaidi ndani ya Umoja huo. Lugha rasmi sasa ni 24, zote sawa. Lakini Benki Kuu ya Ulaya, yenye jengo lake Frankfurt, katikati ya Ujerumani, hufanya kazi kwa Kiingereza. Mahakama ya Ulaya hujadiliana faragha kwa Kifaransa. Bunge la Ujerumani limelalamika mara nyingi kwamba nyaraka za Brussels zinawafikia wabunge bila kutafsiriwa, na mwaka 1999 Ujerumani na Austria zilisusia mikutano isiyo rasmi wakati wa uenyekiti wa Finland kwa kunyimwa wakalimani. Hadhi inayotimizwa bila kusita ni ile ya ibara inayosema raia akiandika kwa taasisi za Umoja kwa mojawapo ya lugha hizo, ajibiwe kwa lugha hiyo hiyo, kwa sababu imemtaja mwandishi, imemtaja mjibu, na imeacha nafasi ya kwenda mahakamani. Na katika Umoja wa Mataifa, ambako Kijerumani si miongoni mwa lugha sita rasmi, azimio la Desemba 1974 lilianzisha kitengo cha kutafsiri maazimio ya Baraza Kuu na ya Baraza la Usalama kwa Kijerumani, kwa gharama za nchi zenye lugha hiyo. Kitengo kipo hadi leo, na wanaokihitaji wanasoma.

Hoja ya mwisho ndiyo inayosemwa kwa uchungu zaidi: Kijerumani ni lugha ya matajiri, kinaweza kudharau matamko, lakini lugha za wanyonge hazina kingine. Nami naujali uchungu huo. Ila utajiri nao si kinga. Wajerumani wa Romania walikuwa zaidi ya laki saba miaka ya 1930. Leo hawafiki 30,000, ingawa shule za Kijerumani hazijakoma na mmoja wao, Klaus Iohannis, alikuwa rais wa nchi kuanzia 2014. Ni utajiri wa Ujerumani uliowavuta baada ya 1989 wakaacha vijiji vya Transylvania vitupu. Madarasa ya mji wa Sibiu huko huko sasa yamejaa watoto wa Kiromania, waliopelekwa na wazazi wanaotaka lugha hiyo kwa ajili ya kazi. Na kwa lugha ya mnyonge, tamko lisilo na wajibu lina hasara zaidi, kwa sababu mnyonge hana nguvu ya kupigania mara mbili: akishapewa karatasi, serikali husema amekwisha kupewa.

Jambo hili linatugusa wenye Kiswahili moja kwa moja, maana nasi tumeanza kuhesabu: Umoja wa Afrika Februari 2022, Rwanda 2017, Kenya katika katiba ya 2010. Katiba ya Muungano wa Tanzania ya 1977, kama ile ya Ujerumani, haikitangazi Kiswahili kuwa lugha rasmi, na hakuna aliyewahi kupotea ofisini Dodoma kwa sababu hiyo. Kilichokuwa kikimwumiza Mtanzania ni kesi iliyosikilizwa kwa Kiswahili na hukumu iliyoandikwa kwa Kiingereza, na marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, yalilenga kalamu ya hakimu, mahali panapostahili. Uganda kwa upande wake iliandika katika katiba, mwaka 2005, kwamba Kiswahili ni lugha rasmi ya pili, itakayotumika katika mazingira ambayo Bunge litayaelekeza kwa sheria. Hayo ni maneno ya Luxembourg na ya Carinthia. Wanaharakati wa Kiswahili wanaokutana kila tarehe 7 Julai kuiadhimisha lugha yao wangeacha kuongeza nchi kwenye orodha kwa mwaka mmoja tu, wakaiuliza Kampala: mwananchi wa Arua akiiandikia wilaya yake kwa Kiswahili, ni ofisa gani anayelazimika kumjibu kwa Kiswahili, ndani ya siku ngapi, na asipojibu atafikishwa mbele ya mahakama gani?